Ua la Usiku Lisichaguliwe kwa Pua Tu

Maua yanayonukia usiku huburudisha nyumba nzima, nami sina ugomvi nayo. Ninachopinga ni mazoea yetu ya kuchagua ua kwa pua peke yake.

Mzazi, lile ua kubwa jeupe au la njano linaloning'inia kama tarumbeta, ambalo hunukia zaidi jua likizama, lina sumu. Ndugu yake mnanaha, wenye tunda la miiba, ni hivyo hivyo. Sumu imo kwenye majani, maua na mbegu, na kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo usiufanye dawa ya kunywa.

Mtoto aliyeutafuna hukauka mdomo, mboni za macho hutanuka, ngozi huwa nyekundu na ya moto, moyo hwenda mbio, kisha huweweseka na kuona yasiyokuwepo. Hapo wengine husema ni mashetani, wengine malaria imepanda kichwani, na muda unapotea. Usimpe maziwa wala usimtapishe. Mwahishe hospitali, na uchukue kitawi cha mmea tukione.

Kwa maoni yangu, nyumba yenye watoto wadogo haina nafasi ya mmea huo. Ung'oe ukiwa umevaa glavu, na usijiguse macho kabla ya kunawa. Mahali pake panda asumini, ile ya kutungia vikuba. Nayo hufunguka jioni na kunukia mpaka asubuhi. Ila kama nyumbani kuna mwenye pumu anayebanwa na harufu kali, ipande mbali na dirisha lake.