Jumla ya Kiingereza na Mahali pa Kuikata

Mwanafunzi wa pwani aliyepata kukaa mbele ya shehe wake na Ajurumia mkononi, kile kitabu kidogo cha nahau ya Kiarabu cha Ibn Ajurrum wa Fez aliyefariki mwaka 1323, si mgeni wa kuchambua jumla, kwani amekwisha zoea kuulizwa, kwa kila neno lipitalo, ni amili gani, yaani neno lipi lenye kulitawala, iliyolitia ile harakati (irabu) ya mwisho. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akihamia darasa la Kiingereza hupewa orodha ya nomino na vitenzi abandike majina, kana kwamba hajapata kuchambua kitu maishani mwake.

Kiingereza nacho, kabla ya Wanormani kuvuka bahari mwaka 1066, kilikuwa na viishio vya kumtambulisha mtenda na mtendwa. Viishio hivyo vikachakaa, na kazi yao ikauangukia mpangilio wa maneno, hata leo mbwa na mtu wakibadilishana nafasi katika “the dog bit the man”, aliyeng’atwa ndiye mng’ataji, ilhali hapana herufi iliyobadilika.

Tazama hii: “The book my brother bought is lost.” Msomaji wetu hukuta ndugu amenunua, na papo hapo pana kilichopotea, asione kiungo baina ya mawili hayo, ilhali kwetu, tukisema kitabu alichokinunua ndugu yangu kimepotea, ile “ki” ya mwisho humrejesha msikilizaji kwenye kitabu hata akiwa anasinzia. Mwingereza ameificha “which” yake, na lawama ya uvivu humwangukia mwanafunzi. Na aanzie kwenye vitenzi, akiuliza kila kimoja mwenyewe ni nani: kilichopotea ni kitabu, aliyenunua ni ndugu, na alichonunua kimekwisha tajwa nyuma, basi “my brother bought” ni sifa ya kitabu, ikiondolewa jumla yasimama.

Wamarekani Reed na Kellogg, mwaka 1877, walizichora jumla kwa mistari, vivumishi vikining’inia mshazari chini ya nomino zao. Michoro hiyo yapendeza, lakini neno likishushwa chini ya mstari halijulikani tena lilikaa mbele au nyuma, na hilo ndilo hasa alihitajilo mgeni. Kwa sababu hiyo, katika toleo hili kila jumla imechapwa kwa mfuatano wake, vitenzi vikiwa vimekolezwa wino, na majina ya kisarufi tumeyaweka pembeni kwa ayatakaye.