TUSIDANGANYWE NA NAMBA YA SANDUKUNI

Ndugu wafanya kazi wenzangu,

Katika mkutano wa tawi letu uliopita, shauri lilitolewa kwamba sehemu ya akiba yetu itumike kununua chombo cha intaneti kwa ofisi ya chama. Shauri hilo ni jema, nami naliunga mkono. Lakini ndugu mmoja alisimama akasema, "Tununue kile chenye namba kubwa kuliko vyote." Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, na leo nataka kueleza sababu yangu.

Mwaka 2003, nilipokuwa mtoto wa shule, baba yangu mdogo aliweka akiba miezi mingi akanunua kompyuta kuukuu pamoja na modemu. Alikuwa karani, na alitaka kusoma barua za intaneti nyumbani kwa njia ya simu. Juu ya sanduku la modemu iliandikwa 56K, yaani biti 56,000 kwa sekunde. Kumbe kila alipounganisha, kompyuta ilionyesha 28,800 au chini ya hapo. Na simu ilihesabiwa kwa dakika. Bili ilipokuja, nyumbani kulikuwa na maneno makali. Yeye alidhani anaibiwa. Mama mdogo alidhani bwana wake anachezea fedha za chakula. Kwa kweli hakuna hata mmoja wao aliyeelezwa jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Waya wa simu ulitengenezwa kupitisha sauti ya mtu. Kompyuta haina sauti, ina namba tu. Modemu iligeuza namba kuwa sauti, na modemu ya upande wa pili ikageuza sauti kuwa namba tena. Walioitumia wanakumbuka ile milio yake ya kukwaruza. Haikuwa kelele ya bure. Modemu mbili zilikuwa zikiulizana: Wewe wajua kanuni gani? Waya huu una hali gani? Kisha zilipatana kwa mwendo ambao zote mbili ziliuweza, na ambao waya uliweza kuuchukua.

Sisi watu wa reli tunalifahamu jambo hili. Katika njia moja, steshenimasta haachilii gari mpaka apatane na mwenzake wa mbele. Na injini hata ikiwa na nguvu namna gani, sharti ipunguze mwendo penye daraja bovu. Modemu ya baba mdogo ilikuwa injini nzima. Njia ndiyo iliyokuwa mbovu.

Sasa, kanuni hizo zilitoka wapi? Ziliandikwa na Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ambalo lilianzishwa Paris mwaka 1865 kwa ajili ya telegrafu. Kanuni ya V.21 ilikuwa ya biti 300 kwa sekunde. Mwaka 1991 ikatoka V.32bis ya biti 14,400, na mwaka 1994 V.34 ya biti 28,800, ambayo baadaye ilipandishwa hadi 33,600. Kiwanda chochote kiliweza kutengeneza modemu kwa kufuata kanuni hizo, nazo zikasikilizana.

Lakini mwaka 1997 wenye viwanda huko Marekani walishindana. USRobotics walitoa namna yao iliyoitwa x2. Rockwell na Lucent wakatoa yao, K56flex. Zote mbili ziliuzwa kwa jina la 56K, lakini hazikusikilizana kwa mwendo huo. Mtu akiwa na ya huku, na kampuni yake ya intaneti ina ya kule, alirudishwa kwenye mwendo wa zamani, ingawa alikwisha kulipia mwendo mpya. Ni kama njia zetu mbili hapa Kenya. Ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ina upana wa mita moja. Ile iliyofunguliwa mwaka 2017 ina milimita 1,435. Behewa la moja halipiti juu ya nyingine. Sharti mzigo ushushwe na kupakiwa tena, na kazi hiyo ina gharama yake.

Ugomvi ule uliisha mwaka 1998 kwa kanuni ya V.90. Hata hivyo, zile biti 56,000 zilikuwa za kushuka kwa mteja tu. Za kupanda zilikuwa 33,600. Tena waya ukiwa mrefu au mbovu, modemu ilirudi kwenye V.34. Hayo hayakuandikwa kwa herufi kubwa sandukuni. Fanyeni hesabu: herufi moja ni biti 8. Barua na picha za herufi milioni moja zahitaji dakika mbili na nusu hivi kwa mwendo wa 56,000, lakini karibu dakika tano kwa 28,800. Kwa mtu anayelipa kwa dakika, bili ni karibu maradufu.

Huenda mtu akasema mambo hayo yamepitwa na wakati. Ni kweli. Nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009, na leo intaneti iko katika simu ya mkononi. Hata AOL ya Marekani ilifunga huduma yake ya modemu Septemba 2025. Modemu ya simu imekwenda, lakini namba ya sandukuni imebaki. Siku hizi iko katika neno dogo "hadi". Mwendo hadi kiasi fulani! Hata baba mdogo aliuziwa "hadi".

Kwa hiyo naomba kamati yetu isitoe hata shilingi moja kabla ya kuuliza maneno manne. Chombo hiki chafuata kanuni gani, na je, mtambo wa kampuni itakayotuunganisha nao waifuata? Mwendo wake ni upi hapa hapa ofisini kwetu, si mjini kwao? Wa kushuka ni kiasi gani, na wa kupanda ni kiasi gani? Ukipungua, nani atatulipa? Majibu yaandikwe na kutiwa sahihi, kisha chombo kijaribiwe mbele ya wanachama.

Hatukubali mshahara wa maneno matupu bila mkataba. Basi tusinunue intaneti kwa maneno matupu pia. Akiba hii ni jasho letu.

Umoja ni nguvu.

Mimi mwenzenu,
Mfanya kazi wa Reli