Usafi wa maskoti ni deni la patroni, si la kijana anayeivaa

Duka jipya linapofunguliwa ao kampuni ya simu inapofanya promosheni mjini, watoto hukimbilia simba mkubwa wa manyoya anayecheza kando ya barabara. Siku za Noeli na Bonane huwa zamu ya Papa Noeli na ndevu zake nyeupe. Watu wanapiga picha, wanacheka, wanaenda zao. Ni wachache wanaojiuliza nani yuko ndani ya vazi hilo, na nani alikuwa ndani yake jana.

Mara nyingi ni vijana wa kazi ya siku. Mmoja anatoka ametota jasho, mwenzake anaingia ndani ya vazi lile lile likingali na unyevu. Jioni linakunjwa na kutiwa katika mfuko hadi promosheni ingine. Kijana akikataa kulivaa, wengine wanaongoja nafasi hiyo wako mlangoni.

Hatari si harufu tu. Upele unaletwa na kadudu kadogo kanakoweza kuishi siku 2 hadi 3 ndani ya nguo, mbali na mwili wa mtu. Choa nayo inapenda joto na unyevu. Tena, mashariki mwa Kongo hakuna asiyesikia habari ya Mpox: aina mpya ya virusi vyake iligunduliwa Kamituga, Kivu Kusini, na Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani, OMS, likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Ugonjwa huo unaweza kuambukiza pia kupitia nguo zilizogusa vidonda vya mgonjwa. Maskoti ni nguo kama zingine.

Shida hii haiko Kongo peke yake. Mwaka 2001, huko Florida, Marekani, wafanyakazi wanaovaa mavazi ya Mickey na wenzake katika Walt Disney World walilalamika kwamba nguo za ndani walizopewa kwa zamu ziliwaletea chawa na upele. Kupitia sendika yao, walipata haki ya kila mmoja kuwa na nguo zake za ndani na kuzifua nyumbani. Vazi la nje likabaki la wote, lakini kinachogusa ngozi kikawa cha mtu mmoja.

Wenye maskoti husema kwamba vazi ni la bei kali na maji yataliharibu. Ni kweli kichwa cha sponji hakifai kulowekwa. Lakini fulana, suruali nyepesi, soksi na kitambaa cha kichwa vya pamba si vya bei kali. Kila kijana apewe vyake, na vifuliwe kwa sabuni na maji ya moto. Ndani ya kichwa papanguswe kwa kitambaa chenye alkoli, kisha paachwe wazi hadi pakauke. Vazi lenyewe ligeuzwe nje ndani na kuanikwa kila baada ya kazi, wala lisifungiwe likiwa bichi. Penye zamu mbili kwa siku, inafaa kuwa na mavazi mawili.

Kuna jambo moja tena ambalo sabuni haiwezi kumaliza. Kijana mwenye vipele anapashwa kupumzika na kutunzwa bila kupoteza malipo ya siku hiyo. Asipolipwa ataficha ugonjwa, na wenzake watauvaa pamoja na vazi.

Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri kulinda afya na usalama wa wafanyakazi wake. Kazi ya siku moja nayo ni kazi. Patroni anayepata franga za kukodi muziki na kuchapa mabango hakosi za kununua sabuni na fulana. Na vijana wenyewe, kabla ya kukubali, waulize wote kwa sauti moja: vazi hili lilifuliwa lini?