Reli ikifika Manyoni, Singida itapakia nini?

Kila msimu wa alizeti unapoanza, gumzo la soko mkoani Singida huwa moja tu: gunia linauzwa shilingi ngapi. Ni wachache wanaouliza swali la pili, ambalo kwa mfanyabiashara wa mikoa ya bara ndilo linalotenganisha faida na hasara: kusafirisha ni shilingi ngapi, na chombo kilicholeta mzigo kinarudi na nini? Safu hii inaona kwamba swali hilo ndilo litakaloamua nani atanufaika na nani ataumia pale treni za mizigo za reli ya kisasa, SGR, zitakapokuwa jambo la kawaida mkoani hapa.

Kutoka Singida mjini hadi bandari ya Dar es Salaam ni takriban kilomita 700 kwa barabara. Bidhaa nyingi za dukani kutoka nje hushuka melini zikiwa ndani ya kontena, lakini ni nadra kontena hilo kufika Singida na lakiri yake. Kampuni ya meli hutaka kontena lirudi Dar es Salaam ndani ya siku zilizopangwa, na likichelewa mwenye mzigo hutozwa kwa kila siku. Kwa hiyo mwagizaji hulifungua huko huko Dar, mzigo ukahamishiwa kwenye lori, makuli wakalipwa mara ya pili, na upotevu ukaanzia hapo.

Anayeuza nje naye ana yake. Mwenye mashudu au dengu aliyeko Singida hapati kontena tupu mlangoni kwake. Hupeleka magunia Dar es Salaam kwa lori, yakashushwa ghalani, kisha yakapakiwa upya kwenye kontena. Kila mkono unaogusa gunia una bei yake, na bei hiyo hukatwa kwa mkulima.

Adha hii ya kukaa mbali na gati si ya Singida peke yake. Kaskazini ya mbali ya Canada, eneo la Nunavut lina makazi 25 ambayo hayajaunganishwa kwa barabara. Bahari huganda sehemu kubwa ya mwaka, na meli za mahitaji hufika katika miezi michache ya kiangazi tu. Mwenye duka huagiza kwa mkupuo mzigo wa miezi mingi na fedha yake hulala ghalani. Meli nayo hurudi kusini karibu tupu, hivyo mzigo wa kwenda hubeba nauli ya safari zote mbili. Mji mkuu wao, Iqaluit, ulipata bandari ya kina kirefu mwaka 2023. Kabla ya hapo shehena ilipelekwa ufukweni kwa matishari, kwa kufuata maji kujaa na kupwa. Bandari ilipunguza kusubiri, lakini haikuleta mzigo wa kuirudisha meli ikiwa imejaa.

Hapo Singida inawazidi, maana mzigo wa kurudi tunao. Tatizo letu ni mahali pa kuupakia.

Kazi kubwa imefanyika upande wa pwani. Gati namba 1 hadi 7 za Dar es Salaam zimeongezwa kina hadi mita 14.5, katika mradi uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2017. Mwaka 2024 DP World ilianza kuendesha sehemu ya gati hizo. Julai 31, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua bandari kavu ya Kwala mkoani Pwani pamoja na huduma ya treni ya mizigo ya SGR. Kipande cha Morogoro hadi Makutupora, chenye kilomita 422, kinaishia wilayani Manyoni, yaani ndani ya mkoa wetu, na kinachofuata kuelekea Tabora kinapita Manyoni na Itigi.

Wengi wanashangilia kwamba nauli itashuka. Ni kweli huenda ikashuka, lakini msomaji wetu akumbuke kuwa reli ina ncha mbili. Treni itakayopeleka mafuta ya alizeti Dar es Salaam ndiyo hiyo hiyo itakayoleta mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Kilomita 700 za barabara zimekuwa mzigo kwa kiwanda cha Singida, lakini zimekuwa pia ukuta wake. Bajeti ya mwaka 2018/19 ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi kutoka asilimia 10 hadi 25, na wa yaliyosafishwa kutoka asilimia 25 hadi 35. Tangu hapo viwango hivyo vimeguswa mara kadhaa, na kila vinapolegezwa mkulima wa Iramba na Mkalama ndiye anayelia. Mwaka 2021 Serikali iliteua Singida, Dodoma na Simiyu kuwa mikoa ya kusukuma mbele zao la alizeti. Itakuwa ajabu kama reli hiyo hiyo itageuka bomba la kuleta mafuta ya kigeni, na mabehewa yakarudi pwani matupu.

Dawa yake si kuikataa reli. Dawa ni uwanja wa kontena Manyoni au Itigi, wenye mizani, kreni, maghala na ofisi ya forodha, ili kontena lifunguliwe huko na kujazwa mashudu, dengu, mbaazi au ufuta siku hiyo hiyo. Mwagizaji ataepuka kulipa kurudisha kontena tupu, na muuzaji wa nje ataepuka kupakua mara mbili. Mgodi wa dhahabu wa Singida, ulioanza uzalishaji mwaka 2023 wilayani Ikungi, nao ni mteja wa shehena za kuja. Kutoka Manyoni hadi Singida mjini ni takriban kilomita 120, kazi inayofaa malori, hivyo wenye malori wasiione reli kuwa ni adui. Vitunguu vya soko la Misuna, ambavyo haviwezi kusubiri, vitaendelea kuwa vyao.

Wapo watakaosema mzigo wa Singida ni mdogo na wa msimu. Hoja hiyo ina uzito. Alizeti huvunwa kwa miezi michache, na treni haiwezi kusubiri mwaka mzima kwa ajili ya miezi hiyo. Lakini mzigo wa msimu hugeuka wa mwaka mzima ukiwa na ghala safi na stakabadhi inayoaminika. Tukiendelea na lumbesa, na magunia yenye mchanga ndani, hakuna mnunuzi wa Mumbai wala Mombasa atakayelipia kontena kwa kuangalia karatasi.

Kwa mwekezaji mdogo, ushauri wetu ni huu. Usikimbilie kununua viwanja Manyoni kwa uvumi wa madalali. Uliza kwanza TRC itashusha kontena kituo gani, TRA itakagua wapi, na wenye viwanda wako tayari kuahidi tani ngapi kwa mwezi. Majibu yakipatikana, ghala la ushirika au hisa katika mizani vina maana kuliko kiwanja kilichozungushiwa miiba.

Chemba ya wafanyabiashara mkoani, wenye viwanda na vyama vya ushirika wakae meza moja sasa na kuandika tani zao, kabla ratiba ya treni haijapangwa. Shirika la reli hupanga mabehewa kwa mteja anayejulikana. Asiyejulikana ataisikia honi tu, treni ikipita kwenda Tabora.