Bastola za mashindano zitunzwe kabla hazijakwama

Msimu wa mashindano ya kulenga shabaha unapopamba moto, macho ya wengi huelekezwa kwa mlengaji: mkono wake umetulia kiasi gani, jicho lake ni kali namna gani, na moyo wake wahimili vipi kishindo cha fainali. Ni wachache wanaouliza habari za chombo alichoshika. Hata hivyo, bastola iliyofyatua maelfu ya risasi tangu mwanzo wa mwaka si ile iliyotoka sandukuni ikiwa mpya. Springi zimelegea, vyuma vimesuguana, masizi yamejaa pembeni, na kifyatulio kilichokuwa kikivutika kwa uzito fulani huenda sasa kinavutika kwa uzito mwingine. Twaonelea kwamba wakati umewadia kwa walenga shabaha wa humu nchini na vilabu vyao kuuhesabu utunzaji wa bastola kuwa sehemu ya mchezo wenyewe, wala si kazi ya kufanywa mtu akipata nafasi.

Chukua mfano wa Manu Bhaker, binti wa India aliyefika Tokyo mwaka wa 2021 kwa Michezo ya Olimpiki iliyokuwa imeahirishwa kutoka 2020. Alikuwa na umri wa miaka 19, na alihesabiwa miongoni mwa waliotarajiwa kutwaa nishani katika bastola ya hewa ya mita 10. Katika mchujo, mshindani hupewa dakika 75 za kufyatua risasi 60. Kabla Bhaker hajafikisha hata theluthi ya risasi zake, kifyatulio cha umeme cha bastola yake kikaharibika. Ilimbidi aondoke mstarini bastola irekebishwe, na zaidi ya robo saa ikapotea. Aliporejea alifyatua risasi zilizobaki mbio mbio. Alimaliza wa 12 kwa alama 575, alama mbili tu nyuma ya mshindani wa mwisho aliyeingia fainali.

Hatumtaji binti huyo ili kumlaumu, kwani kifaa cha umeme chaweza kukatika hata mikononi mwa mtu mwangalifu kupindukia. Isitoshe, miaka mitatu baadaye, mjini Paris, alirudi na kujinyakulia nishani mbili za shaba, moja peke yake na nyingine pamoja na Sarabjot Singh. Twamtaja kwa sababu kisa chake chaonyesha jinsi kipande kidogo cha mashine kinavyoweza kuamua jambo ambalo mazoezi ya miaka mingi yalikusudiwa kuliamua. Ikiwa hayo yalimpata mshindani aliyezungukwa na makocha na mafundi, je, yule wa kwetu anayejisafishia bastola mezani usiku wa kuamkia shindano ana kinga gani?

Kinga ya kwanza ni kuelewa kinachotendeka ndani ya bastola. Katika bastola ya milimita 9 inayojipakia yenyewe, kila risasi inapolipuka gesi husukuma kwa nguvu inayoweza kukaribia bar 2,350, kiasi ambacho ndicho kikomo kilichowekwa kwa risasi za aina hiyo katika viwango vya Ulaya. Chuma cha juu cha bastola hurudi nyuma, ndoano yake ikalivuta ganda tupu na kulitupa nje, kisha springi ya kurudisha ikakisukuma mbele kichukue risasi nyingine kutoka kwenye magazini. Yote hayo hupita kabla mtu hajapepesa jicho. Springi ikichoka, chuma hicho huigonga fremu kwa kishindo kisichofaa, au hukosa nguvu za kujifunga sawasawa. Ndoano ikimeguka ncha au ikijaa masizi, ganda husalia ndani na bastola ikakwama. Katika mashindano ambapo mlengaji hukimbia kutoka shabaha moja hadi nyingine, saa haimsubiri anayehangaika na ganda lililokwama.

Kinga ya pili ni hesabu. Tuseme mtu afanya mazoezi mara mbili kwa juma, na kila mara afyatua risasi 200. Kwa majuma 30 atakuwa amefyatua risasi 12,000. Watengenezaji wa bastola huandika katika vitabu vyao vya maelekezo ni wakati gani sehemu fulani ibadilishwe, na walengaji wengi wenye uzoefu huibadilisha springi ya kurudisha ya bastola ya milimita 9 kila baada ya risasi 3,000 hadi 5,000. Kwa hesabu hiyo, mtu wetu alipaswa kuibadilisha mara mbili au zaidi kabla msimu haujamalizika. Lakini atajuaje ikiwa hana daftari? Ndiyo maana twasisitiza kwamba kila bastola ya mashindano iwe na daftari lake: risasi zilizofyatuliwa siku hiyo, kilichokwama na kilivyokwama, sehemu iliyobadilishwa na tarehe yake. Daftari ni kitu cha bei rahisi kuliko chochote katika mchezo huu, na pengine ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote.

Kuna wanaodhani kwamba kutunza bastola ni kuimwagia mafuta. Hilo ni kosa. Katika nchi yenye vumbi kama yetu, hasa wakati wa kiangazi, mafuta mengi hunasa mchanga na kugeuka kuwa tope linalosaga chuma kama msasa. Tone moja moja kwenye njia ambamo vyuma huteleza latosha, na kilichozidi kipanguswe. Kadhalika kuna wanaosugua mtutu kila jioni kwa ufito wa chuma wakiuingizia mdomoni. Ukingo wa mdomo wa mtutu ndio sehemu ya mwisho kuigusa risasi kabla haijaenda zake, na ukikwaruzwa upande mmoja, risasi haziendi tena pale zilipokuwa zikienda. Ikiwezekana, ufito uingizwe kutoka nyuma, na uwe wa kitu kisichoweza kuukwaruza mtutu.

Bastola za kaliba .22 zina matata yake. Risasi zake hutengenezwa kwa madini laini na kupakwa nta au mafuta, hivyo huacha uchafu mwingi chemba, na uchafu huo ndio unaozuia risasi kuingia sawasawa. Katika baadhi ya miundo, kufyatua bastola hizo zikiwa tupu humfanya msumari wa kugongea apige ukingo wa chemba na kuutoboa. Aidha, risasi za toleo moja huenda zikalingana vizuri na mtutu fulani na za toleo jingine zisilingane. Mwenye busara hujaribu matoleo kadhaa mapema, akichagua lililo bora ananunua la kumtosha msimu mzima.

Bastola za hewa nazo zisidhaniwe hazina haja ya huduma kwa kuwa hazina baruti. Mitungi yake hujazwa hewa hadi bar 200, na kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Kulenga Shabaha, ISSF, hazikubali mtungi uliopitisha muda wake wa matumizi, muda ambao hauzidi miaka 10. Jukumu la kuiangalia tarehe hiyo ni la mlengaji mwenyewe. Vipete vya mpira vinavyozuia hewa kuvuja navyo huzeeka na kukakamaa. Duara la alama 10 katika shabaha ya mita 10 lina kipenyo cha milimita 11.5 tu. Kwa hivyo, hewa ikipungua nguvu kidogo au skrubu ya kulengea ikilegea nusu mzunguko, mlengaji ataanza kuushuku mkono wake ilhali mkono hauna hatia.

Hadi hapa tumezungumzia kutunza. Kuna jambo la pili ambalo watu hulichanganya na hilo, nalo ni kurekebisha: kupunguza uzito wa kifyatulio, kubadilisha springi kwa nyingine nyepesi, kuchonga mpini au kuhamisha alama za kulengea. Kutunza ni kuirudisha bastola katika hali yake. Kurekebisha ni kuitoa katika hali hiyo na kuipeleka katika hali nyingine. Kazi hizi mbili zapaswa kuwa na majira tofauti. Marekebisho yafanywe kabla ya msimu, pakiwa na nafasi ya kujaribu, kukosea na kurudi nyuma. Msimu ukishaanza, chombo kiachwe kama kilivyo, kitunzwe tu. Wapo wanaoshindwa Jumamosi na kuifumua bastola nzima Jumapili, kisha Jumamosi inayofuata wasijue kama kosa limo katika bastola ile ya kale, ile mpya, au ndani yao wenyewe.

Katika marekebisho yote, kifyatulio ndicho kinachotutia wasiwasi zaidi. Kanuni za ISSF zataka kifyatulio cha bastola ya hewa kisivutike kwa uzito ulio chini ya gramu 500, na cha bastola ya mita 25 kisiwe chini ya gramu 1,000. Uzito huo hupimwa kabla ya shindano, na baadhi ya washindani huchaguliwa kwa kura wakapimwa tena wakimaliza. Anayepatikana na kifyatulio chepesi mno huondolewa. Mtu akikiweka nyumbani kwake kwenye gramu 500 kamili, mtikisiko wa safari na maelfu ya risasi vyaweza kukishusha bila yeye kujua. Afadhali aongeze gramu kumi au ishirini, kisha akipime kila juma. Gramu hizo hazitamnyima ushindi, lakini kuzikosa kwaweza kumnyima msimu wote.

Hata hivyo, kanuni ndilo jambo dogo katika habari hii. Bastola ya risasi halisi ambayo vyuma vyake vya ndani vimepigwa tupa na mtu asiye na ujuzi yaweza kufyatuka ikidondoka, au ikafyatua risasi mbili mahali pa moja. Hapo hatuzungumzii tena alama, bali uhai wa jirani aliyesimama mstarini. Sheria ya Silaha ya nchi hii, Sura ya 114, haimruhusu mtu kuifanya biashara ya kutengeneza silaha bila kuandikishwa. Mlengaji anayempelekea fundi wa vichochoroni bastola yake ili aokoe fedha anaivunja sheria na kuuhatarisha mchezo kwa pamoja. Na hata fundi aliyeandikishwa akimaliza kazi yake, bastola isipelekwe mashindanoni moja kwa moja. Ifyatuliwe risasi mia moja au zaidi katika uwanja wa mazoezi, na ikikwama hata mara moja, sababu itafutwe kwanza.

Tunajua jibu litakalotolewa. Watu watasema kwamba springi na ndoano huagizwa kutoka ng'ambo, kwamba leseni, risasi na ada za uwanja tayari zimewalemea, na kwamba vijana wengi hutumia bastola za kuazima klabuni. Malalamiko hayo yana uzito. Lakini springi moja hugharimu kidogo mno ikilinganishwa na maelfu ya risasi zilizofyatuliwa kupitia kwake, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuhusu bastola za klabu, hizo ndizo zenye haja kubwa zaidi ya daftari, kwani kitu cha wote hugeuka upesi kuwa kitu cha hakuna. Anayeitumia leo hudhani wa jana aliisafisha, na wa kesho hudhani hivyo hivyo. Anayeumia ni kijana asiye na bastola yake mwenyewe, ambaye hukwamishwa na uchovu wa chuma kisha akaambiwa hana kipaji.

Kwa hivyo twapendekeza mambo matatu kwa vilabu. Kwanza, kila klabu imteue mtu mmoja aliye na ujuzi, awajibike kwa bastola za pamoja na madaftari yake. Pili, vilabu viagize kwa pamoja sehemu zinazochakaa mara kwa mara, ili asiwepo mshindani anayesubiri springi kwa miezi mitatu. Tatu, katikati ya msimu kuwe na siku moja ya ukaguzi, ambapo kila bastola itafunguliwa na kifyatulio chake kupimwa kwa mizani mbele ya mwenyewe. Siku hiyo itumiwe pia kuwakumbusha wachanga kwamba vumbi la madini ya risasi ni sumu: mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kazi, wala chakula kisiliwe mezani pale bastola zinaposafishwa.

Ikumbukwe kwamba mchezo huu huchezwa katika nchi ambamo neno bastola humkumbusha mwananchi wa kawaida ujambazi kabla halijamkumbusha nishani. Viwanja kama kile cha Kirigiti katika Kaunti ya Kiambu vitaendelea kuaminiwa na majirani iwapo tu wanaovitumia wataonyesha kwamba nidhamu yao haikomi mstari wa kufyatulia unapofungwa. Ajali moja ya bastola iliyochokonolewa ovyo yaweza kufuta sifa zilizojengwa kwa miaka.

Walengaji wetu wana ari, na wapo miongoni mwao wenye vipaji. Basi wavipe vyombo vyao haki yake. Kabla ya shindano lijalo, kila mmoja aitoe bastola yake, ahakikishe ni tupu, aifungue, aihesabie risasi ilizofyatua tangu Januari, na abadilishe kile kilichopitisha wakati wake. Asiyeweza kuitaja hesabu hiyo aanze kuiandika leo.