Insha Isiyouliza Udongo

Wako walimu wa vyuo vikuu waaminio kwamba mwanafunzi hufundishwa kwanza umbo la insha, yaani utangulizi, kiini na hitimisho, kisha ndipo apewe jambo la kuandika. Jambo lenyewe aghalabu ni maendeleo ya dunia: njaa, umaskini, madeni ya mataifa. Kijana hukusanya maneno makubwa katika vitabu vitatu, akayapanga kama sahani kabatini, akasifiwa. Hakutafuta kitu wala hakuthibitisha kitu.

Imani hiyo yastahili kupingwa, na shahidi wa kuipinga yuko Kongwa. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa John Wakefield kutazama kama karanga zaweza kulimwa kwa mitambo katika Tanganyika. Ujumbe ulizunguka kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa ya nchi ikitazamwa kutoka angani, ukarudi na taarifa isiyokosa umbo: hesabu zilikuwamo, na hitimisho lilikuwamo. Eka zaidi ya 3,000,000 zilipendekezwa. Mwalimu wa insha angalitoa alama zote! Lakini udongo wa Kongwa una ufinyanzi, nao ukikauka huwa mgumu mithili ya tofali. Mvua za Ugogo nazo hazina ahadi. Hilo halikuwa siri. Njaa ya miaka 1917 hadi 1920 Wagogo walikwisha kuipa jina, Mtunya, na wazee walioiona walikuwa hai. Mpango uliachwa Januari 1951, kwa hasara ya pauni zipatazo 36,000,000.

Watetezi wa umbo husema kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kuupima ulimwengu. Nani aliyemtaka aupime? Apewe tarakimu moja, zile eka 3,000,000, aifuate hadi ilikozaliwa: nani aliihesabu, kwa vipimo vya mvua vya miaka mingapi, na kwa faida ya nani. Kisha awatetee wenye mpango kwa hoja yao iliyo bora, maana upungufu wa mafuta ya kula Uingereza baada ya vita ulikuwa wa kweli, ndipo awajibu. Asiyeweza kumtetea mpinzani wake hajajua anachokipinga.

Akirudi na kurasa mbili tu, na swali moja lililomshinda likiwa limeandikwa wazi, apewe alama kumzidi mwenziwe aliyejaza kurasa kumi bila ya kushindwa na lolote.