Kura ya mwenye hati

USITA WA MUI
Na Bwanaheri Athmani

Juzi baada ya alasiri, pale Mkunguni mbele ya Ngome, rafiki yangu mwenye boti tatu alitoa fatwa yake. Kura, alisema, wapewe wenye mali na walipa kodi peke yao. Asiye na kitu huiuza kwa noti ya mia mbili na kanga ya mkewe, kisha miaka mitano tunalia sote. Wazee wawili waliitikia. Kahawa ikapita.

Kwenye kuuza hakusema uongo. Usiku wa kuamkia uchaguzi mtu hubisha mlango bila taa mkononi, na mwenye nyumba anajua ni nani. Lakini Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamtia hatiani anayetoa sawa na anayepokea: faini hadi shilingi milioni mbili, au kifungo hadi miaka sita, au vyote viwili. Sijamsikia rafiki yangu akitaka mnunuzi naye anyang'anywe kura. Mnunuzi ni tajiri.

La kodi ni jepesi zaidi. Mvuvi wa Kizingitini akijaza petroli kwenye injini yake amekwisha kulipa VAT kabla hajaona hata dagaa.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1957 Waafrika wa Kenya walichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wanane wa Baraza la Kutunga Sheria, Ronald Ngala akiwa wa Pwani. Walter Coutts, ofisa wa serikali ya kikoloni, alikuwa ameshapanga vipimo vya mpiga kura: elimu, umri, utumishi, kipato cha pauni 120 kwa mwaka au mali ya pauni 500. Aliyetimiza kimoja alipata kura moja, na aliyetimiza vingi aliweza kufika tatu. Mzungu hakupimwa, ilitosha awe mtu mzima. Nasi watu wa Amu hatukuhitaji Coutts atufundishe. Yumbe, baraza lililotawala mji huu, lilikuwa la waungwana wa majumba ya mawe. Walioyabeba mawe hayo mabegani hawakuulizwa neno.

Ila mimi hunishughulisha zaidi yule karani atakayekaa mezani. Mali utamthibitishia kwa nini? Kwa hati. Haya, tuziangalie hati za Lamu.

Mbajuni aliyetolewa shambani kule bara wakati wa vita vya Shifta hana karatasi ya minazi yake. Anayo majina ya vijiji, na anajua kisima kilikuwa upande gani wa msikiti. Karani hasajili visima. Karatasi zenyewe zilikuja kumwagika baadaye, mwaka 2011 na 2012, na hazikumwagikia kwake. Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za kampuni 22 zilizokuwa zimegawiwa ekari zipatazo 500,000 za kaunti hii. Sasa piga hesabu: uchaguzi wa Machi 2013 ulifanyika hati hizo zikiwa bado hai. Kwa kipimo cha rafiki yangu, wakubwa wa kampuni hizo wangekuwa mstari wa mbele kituoni, na mzee wa Kiunga angesimama nje ya kamba akiwatazama.

Na nyumba za mji? Nyingi ni za mirathi ambayo haijagawanywa tangu marehemu azikwe, na pengine tangu baba yake marehemu azikwe. Ukizifuata kwa mafungu, kaka atapiga kura mbili na dada moja. Namngoja mgombea atakayepita Langoni na ahadi hiyo mchana kweupe.

Nikamuuliza rafiki yangu: nyumba yako wewe, hati i kwa jina la nani?

Alicheka kwanza. Kisha akasema ni jina la babu yake. Warithi ni kumi na mmoja, watatu wako Mombasa, mmoja Dubai, na kuna shangazi asiyetaka hata kulisikia neno wakili. Na boti? Zote tatu, akasema taratibu, aliziandikisha kwa jina la mkewe, kwa sababu ya mkopo fulani.

"Basi," mzee mmoja akadakia, akirudisha kikombe kwenye sinia, "shemeji atatuchagulia."